Mzee wa baridi kali na jua la Garissa

Kama kuna jina ambalo mtu hangetarajia kulisikia mjini Garissa, basi ni la Heike Kamerlingh Onnes. Mholanzi huyu alitumia umri wake mzima kuisaka baridi, ilhali sisi tunaishi mahali ambapo kipimajoto hupita nyuzi 35 bila kumshtua mtu, na mwenye busara hujitafutia kivuli cha mgunga kabla ya adhuhuri. Lakini kila nipitapo karibu na uwanja ule wa paneli za jua nje ya mji, uliozinduliwa Desemba 2019 ukiwa na uwezo wa megawati 50, humkumbuka mzee huyo. Nitaeleza sababu.

Nilipokuwa nikifundisha fizikia katika shule moja ya upili mjini humo, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali lililonitoa jasho. Nilikuwa nimetoka kueleza kwamba waya wa umeme hupata moto kwa sababu ya ukinzani, na kwamba moto huo ni umeme uliopotea. Yeye akataka kujua kama upotevu huo ni wa lazima. Je, ni amri ya maumbile kwamba kila umeme usafiripo sharti ulipe ushuru njiani, au ni udhaifu tu wa nyaya tulizo nazo? Nilimjibu kwamba ni wa lazima. Nilikosea. Jibu sahihi lilikuwa limepatikana katika mji wa Leiden, Uholanzi, mnamo Aprili 1911, nami mwenye shahada ya ualimu nilikuwa nimelisoma juujuu tu na kulisahau. Shule yenyewe haikuwa na chombo hata kimoja cha kupimia umeme ambacho ningemwonyeshea lolote. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasoma maisha ya Onnes kama mtu anayelipa deni.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1853 katika mji wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vigae, na yasemekana nyumba yao ilikuwa ya nidhamu kali na bidii isiyo na mapumziko. Jambo la kupendeza ni kwamba nyumba hiyo hiyo ilitoa wasanii: ndugu yake Menso alikuwa mchoraji, na dada yao akaolewa na mchoraji mwingine. Heike akachagua sayansi. Akiwa kijana alikwenda Heidelberg, Ujerumani, kusoma chini ya Bunsen na Kirchhoff, mabingwa waliokuwa wamefunua jinsi ya kutambua vitu kwa mwanga vinaoutoa. Akarejea nyumbani, na mwaka 1879 akapata udaktari kwa kazi kuhusu mzunguko wa dunia.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 29, aliteuliwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leiden. Katika hotuba yake ya kwanza alitangaza imani ambayo hakuiacha hadi kufa: kwamba elimu hupatikana kwa kupima. Wakati huo wanasayansi wa Ulaya walikuwa katika mbio za kuzigeuza hewa ziwe maji kwa kuzipoza. Oksijeni ilikuwa imeonekana kama ukungu mwaka 1877, na Wapolandi wawili wa Krakow wakaipata ikiwa kimiminiko mwaka 1883. Mashindano yalikuwa makali, na aliyekuwa mbele katika sehemu kubwa ya safari hiyo ni James Dewar wa London. Huyu Dewar msomaji unamjua bila kujijua. Chupa ya themosi, ile inayohifadhi chai ya maziwa ya ngamia ikiwa moto katika kila mkahawa wa Garissa, ilitokana na chombo alichokibuni mwaka 1892 ili kuzihifadhi hewa zake zilizopozwa.

Tofauti ya Dewar na Onnes ndiyo kiini cha makala yangu. Dewar alikuwa hodari wa mikono, tena mwenye wivu na siri. Aligombana na karibu kila mtu ambaye angemfaa. Onnes hakukimbia. Kwa miaka zaidi ya kumi alijenga tu. Alijenga pampu, mabomba na mitambo ya kupoza hewa kwa hatua, hewa moja ikiipoza nyingine kama ngazi ya kushukia kisimani. Akaona kwamba profesa hawezi kufika chini ya kisima hicho peke yake, kwa hiyo akaanza kuwafunza vijana wa mji ufundi wa vyombo na wa kupuliza vioo. Mwaka 1901 mafunzo hayo yakawa shule rasmi. Vijana hao walivaa makoti ya buluu, na watu wa Leiden wakawaita kwa rangi hiyo. Walikuwa watoto wa kawaida ambao hawakuwa na tamaa ya kuwa maprofesa. Lakini bila wao, hakuna hata tone moja ambalo lingepatikana.

Isidhaniwe kwamba mambo yalimnyookea. Mwaka 1807 jahazi lililosheheni baruti lililipuka katikati ya Leiden, likaua watu wapatao 150 na kubomoa mtaa mzima. Maabara ya Onnes ilikuwa imejengwa juu ya eneo hilo hilo la msiba. Kwa hiyo mwaka 1895 wakuu wa mji waliposikia kwamba profesa ana mitungi ya hewa iliyoshindiliwa, waliingiwa na hofu, na kazi ikasimamishwa. Tume ikaundwa, barua zikaandikwa, na hata Dewar, mpinzani wake, akamwandikia barua ya kumtetea. Ruhusa haikupatikana hadi 1898. Mei ya mwaka huo huo, Dewar alifaulu kuigeuza haidrojeni iwe kimiminiko. Onnes alikuwa amepitwa akiwa ameketi akingoja karatasi. Sisi wa Kaskazini Mashariki, tuliozoea kungoja karatasi, twaweza kuyahisi machungu hayo.

Ilibaki hewa moja tu iliyokataa: heliamu. Nayo ilikuwa adimu. Onnes aliipata kwa msaada wa ndugu yake Onno, aliyekuwa akiongoza ofisi ya habari za biashara Amsterdam, na ambaye alimwagizia shehena za mchanga wa monaziti kutoka Marekani. Mchanga ukapashwa moto, hewa ikakamuliwa punje kwa punje. Tarehe 10 Julai 1908 kazi ilianza alfajiri. Fundi mkuu, Gerrit Jan Flim, alisimamia mitambo. Saa zikapita, haidrojeni iliyotengenezwa ikakaribia kwisha, na kipimajoto kikagoma kushuka zaidi. Walidhani wameshindwa. Ndipo profesa mwenzake, Schreinemakers, aliyekuja kutazama, akatoa fikira kwamba labda kipimajoto kinagoma kwa sababu tayari kimezama katika kimiminiko. Wakamulika taa kutoka chini ya chombo cha kioo, na papo hapo uso wa heliamu ukaonekana, mwembamba kama makali ya kisu. Kumbe ilikuwapo. Ilikosa mwanga wa upande ufaao tu. Msomaji alikumbuke tukio hili, maana tutalirudia.

Heliamu huchemka kwa nyuzi 269 chini ya sifuri, nyuzi nne tu juu ya baridi ya mwisho ambayo maumbile huiruhusu. Kwa miaka 15 iliyofuata hapakuwa na mahali pengine duniani palipoweza kuitengeneza ila Leiden.

Akiwa na baridi hiyo, Onnes alirudia swali ambalo mwanafunzi wangu angeniuliza zaidi ya karne moja baadaye. Wakuu wa sayansi walikuwa wamegawanyika. Lord Kelvin alishikilia kwamba katika baridi kali chembe za umeme zingeganda na waya ungekataa kabisa kupitisha umeme. Dewar aliona ukinzani ungepungua polepole hadi kutoweka. Onnes hakubishana, alipima. Alianza na platinamu na dhahabu, akatambua kwamba uchafu ndani ya metali unaharibu majibu. Akachagua zebaki, kwa kuwa huweza kusafishwa kwa kuivukiza tena na tena. Tarehe 8 Aprili 1911, Flim akiwa kwenye mitambo, kijana Gilles Holst aliketi na mwenzake Dorsman katika chumba cha giza, umbali wa kama mita 50, ili mtikiso wa pampu usivuruge vipimo. Wakasoma alama. Ukinzani wa zebaki ulikuwa umetoweka. Vipimo vya wiki na miezi iliyofuata vikaonyesha jambo ambalo hata Onnes hakulitazamia: haukupungua polepole, uliporomoka ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Basi ushuru wa njiani si wa lazima. Metali ikipozwa vya kutosha, umeme hupita bila kulipa chochote. Mwaka 1914 Onnes alianzisha mkondo katika koili ya risasi, akaondoa betri, na mkondo ukaendelea kuzunguka wenyewe.

Nobel alikuwa ameipata mwaka 1913. Hapa ndipo heshima yangu kwake inapopata doa, na sitaki kulifunika. Jina la Holst, aliyeyaona mabadiliko yale kwa macho yake, halikuwekwa kama mwandishi mwenza wa taarifa za uvumbuzi huo. Yalikuwa mazoea ya zama zile, watetezi wake watasema. Sawa. Lakini mtu aliyejua kuliko wote kwamba kazi ile ilikuwa ya mikono mingi, alitakiwa pia kujua kuhesabu mikono hiyo. Holst aliondoka Leiden mwaka 1914, akaenda kuongoza maabara ya kampuni ya Philips huko Eindhoven, na akafanya makubwa kwa jina lake mwenyewe.

Ndoto kubwa ya Onnes ilikuwa kutengeneza sumaku zenye nguvu za ajabu kwa koili zisizopoteza umeme. Ilivunjika mikononi mwake: aligundua kwamba nguvu ndogo tu ya usumaku huua hali ile ya kutokuwa na ukinzani. Hakuishi kuona aloi za naiobi zilizolitatua tatizo hilo miaka ya 1960, wala mashine za MRI zinazozitumia leo, koili zake zikiwa zimezamishwa katika heliamu ile ile. Mgonjwa wa Mandera anayesafirishwa karibu kilomita 1,000 hadi Nairobi ili apigwe picha ya ubongo, hulazwa ndani ya kazi ya Onnes. Na heliamu yenyewe sasa inatafutwa jirani: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kuwapo kwake kwa wingi katika bonde la Rukwa, Tanzania.

Alistaafu mwaka 1923. Afya yake haikuwa nzuri siku zote. Mapafu yalimsumbua tangu zamani. Alijaribu kuigandisha heliamu iwe yabisi, akashindwa. Alifariki Leiden tarehe 21 Februari 1926, na miezi michache tu baadaye, mwanafunzi na mrithi wake, Willem Keesom, akaigandisha.

Habari ingeishia hapo lau si mwaka 1986. Bednorz na Müller, watafiti wa kampuni ya IBM karibu na Zurich, waligundua kwamba aina fulani ya kauri yenye shaba na oksijeni hupoteza ukinzani katika baridi isiyo kali kama ile ya Leiden. Mwaka uliofuata ikapatikana kauri nyingine iliyofanya hivyo kwenye nyuzi 180 chini ya sifuri. Msomaji asicheke kuona baridi hiyo ikiitwa joto. Maana yake ni kwamba heliamu ya ghali haihitajiki. Nitrojeni yatosha, ile ile ambayo maafisa wa mifugo huibeba mitungini kuhifadhia mbegu za madume. Mwaka 2014 mji wa Essen, Ujerumani, uliunganishiwa kebo ya namna hiyo yenye urefu wa kilomita moja.

Kwa nini, basi, hatuna nyaya hizo kutoka Garissa hadi Mandera? Kwa sababu hadi leo hakuna aliyeeleza kikamilifu jinsi kauri hizo zinavyofanya kazi, na asiyejua sababu hawezi kutengeneza iliyo bora kwa makusudi. Ugumu wake nitaueleza kwa mfano wa visima vya Wajir. Fikiri kundi moja la ngamia linalofika kisimani. Laweza kujipanga wawili wawili na kupita birikani bila kugongana. Laweza pia kusimama katika safu ndefu zisizosogea, kila ngamia akishikilia nafasi yake. Ngamia ni wale wale, kisima ni kile kile. Lakini mpangilio mmoja ukitawala, mwingine hupoteza nafasi. Ndani ya kauri za shaba, elektroni nazo zina mipangilio inayoshindana. Zikijipanga jozi jozi, umeme hupita bure. Zikijipanga katika milia iliyotulia, kama zilivyoonekana katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwaka 1995, upitaji huo wa bure hudhoofika au hufa.

Kujua nani anamzuia nani ni kazi ngumu, kwa kuwa vipimo vya kawaida huona mchanganyiko tu, kama mtu anayetazama vumbi la kisimani kutoka mbali. Hapa ndipo ile taa iliyomulika kutoka chini inaporudi, ila sasa ni taa ya namna nyingine: leza zinazotoa mimweko mifupi kiasi kwamba sekunde moja yaweza kugawanywa mara milioni bilioni ili kuipima. Mwafrika mwenzetu, Ahmed Zewail wa Misri, ndiye aliyepewa Nobel ya mwaka 1999 kwa kuitumia mimweko hiyo kutazama molekuli zikiachana na kuungana. Na mwaka 2007 kundi lake lilitazama kauri ya shaba ikibadilika kwa kasi hiyo. Mmweko wa kwanza huugutusha mpangilio, mmweko wa pili hupiga picha kabla haujarudi ulivyokuwa. Mpangilio mmoja hurudi upesi, mwingine huchelewa, na kwa tofauti hiyo mtafiti huwatambua washindani mmoja mmoja.

Mwaka 2011 watafiti wa Hamburg na Oxford walikwenda mbali zaidi. Walichukua kauri ambayo milia ilikuwa imeukandamiza upitaji wa bure, wakaipiga mmweko mmoja wa mwanga wa infraredi. Kwa muda mfupi mno, dalili za upitaji wa bure zikajitokeza. Ni kana kwamba zile safu zimetawanywa kwa kofi moja, na ngamia wakajikuta wamepangana wawili wawili. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya maana ya majaribio ya aina hii, na hakuna aliyeidumisha hali hiyo kwa muda wa kuwasha hata balbu. Lakini yamedokeza kwamba kilichoonekana hakipo huenda kilikuwapo, kimezuiwa tu.

Narudi Garissa. Kenya Power imekuwa ikionyesha katika hesabu zake za miaka ya karibuni kwamba zaidi ya moja ya tano ya umeme inaonunua haifiki katika mauzo. Sehemu ni wizi na mita mbovu, sehemu ni joto la nyaya. Nasi tuna jua. Tulicho nacho kidogo ni watu wa kupima. Novemba 2014 basi lilishambuliwa karibu na Mandera, watu 28 wakauawa, walimu wakiwamo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka kaunti zetu tatu. Siwalaumu walioondoka. Lakini madarasa ya fizikia yaliyobaki bila mwalimu hayakujazwa kwa hotuba.

Watu husema kwamba sayansi ya namna ya Onnes ni anasa ya mataifa tajiri. Mimi naona wanaangalia Nobel na kuyasahau makoti ya buluu. Leza za Hamburg hatutazinunua kesho. Karakana ya kufunzia vijana kupuliza vioo, kutengeneza mita, kukarabati pampu na kupima joto la waya haizidi uwezo wa kaunti. Garissa ina chuo cha ufundi cha tangu zamani na ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2017. Kinachokosekana ni mtu wa kuviketisha pamoja na shule za upili na kusema vyombo vitatengenezwa hapa, na kila fundi ataandikwa jina lake juu ya chombo chake, asije akawa Holst mwingine.

Mwanafunzi yule alihama na wazazi wake kabla sijajua kwamba nilimpotosha. Ikiwa anasoma gazeti hili popote alipo, nataka ajue kwamba mwalimu wake alikosea, na kwamba jibu la swali lake ni la, si lazima.